Glavu Mdomoni mwa Tanuri

Yasna, ulipoleta ile fomu ya zimamoto
uliiweka juu ya unga, makusudi.
Nikaipuliza, nikasoma: jina, umri, kundi la damu,
na mstari wa mwisho: ukipatwa na jambo, aarifiwe nani?
Pale hukuandika kitu. Uliniachia mimi.

Nikakuuliza mshahara. Ukacheka.
Hapa Valparaíso, ukasema, halipwi mtu;
ada tunatoa sisi, kila mwezi.
Basi, nikasema, nimezaa mtoto
anayekata tiketi ya kwenda kuungua.
Mama yako akanitazama kwa jicho lake lile
la kukatia vitunguu.

Mimi na moto tunajuana.
Miaka thelathini na mmoja nimeufuga humu ndani
kama mbwa wa jirani: naulisha, siupi mgongo.
Najua unavyokohoa kuni zikiwa mbichi,
unavyonyamaza kabla ya kuuma.
Lakini wangu una mlango wa chuma na komeo.
Wako hauna mlango.
Wako ndio unaokula mlango.

Jumapili ya majaribio nilikufuata kwa mbali
(hukujua; sasa ujue).
Vipandio mia na sitini na viwili,
mpira wa maji begani, umelegea, mzito kama mlevi.
Kwenye cha themanini ukatapika ukutani,
juu ya samaki aliyechorwa na mtoto wa Nibaldo.
Nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru.
Siku ile hata kinyunya kiliumuka upesi.

Jumapili iliyofuata ukarudi.
Na nyingine.
Kapteni Urrejola, mwanamke mfupi, mng'oa meno
siku za kazi, alikuhesabia hatua
kwa sauti ya muuza nyanya.
Husemwa dawa ya moto ni moto.
Wewe uliniambia: baba, dawa ya moto ni mguu,
mguu, na mwenzio nyuma aliyeshika mkanda wako.
Sikukujibu. Nilikuwa nimebeba trei.

Kisha Januari. Upepo wa kusini
ukaingia mikalitusini na kibiriti chake,
mabati ya kilimani yakaanza kugonga,
king'ora kikalia, kikalia tena.
Nilitia mikate mia nne, nikaiunguza yote,
mara ya kwanza tangu tumzike babu yako.

Ulifika saa kumi na moja alfajiri,
masizi hadi ndani ya masikio.
Nilingoja hadithi kubwa. Ukasema
hawakukuruhusu kusogea: mwanafunzi.
Usiku kucha ulishika taa, ukakunja mipira,
ukagombana na bibi mmoja, Herminda,
aliyekataa kuokolewa bila cherehani yake.
Mkaiacha?
Tulimbeba yeye, ukasema, kisha mimi
nikarudi barazani nikaibeba. Kapteni alinitukana.

Ukala mkate uliokuwa mkaa, bila neno.
Ukavua glavu, zinachuruzika maji meusi,
ukanyoosha mkono nusu, kama mtu
asiyejua kama anaomba au anakopesha.
Nikazipokea. Nikazilaza mdomoni mwa tanuri,
si karibu sana, ngozi isikakamae,
nikawa nazigeuza, upande huu, upande ule,
mpaka ukasinzia juu ya magunia.

Leo umeleta fomu nyingine, ya kuapishwa.
Mstari wa mwisho uko wazi tena.
Nimeandika jina langu, Eliecer Oyarzún, mwokaji,
duka la chini ya ngazi, lenye kengele mbovu:
wagonge kwa ngumi.
Uhusiano: baba.
Saa za kupatikana: zote.
Unga umeingia kwenye wino.
Wataisoma hivyo hivyo.